Dino, Surf, Canabalt, Slope au Subway Surfers: mchezo upi wa kukimbia unakufaa kwenye kivinjari?

Michezo ya kukimbia isiyo na mwisho ina kanuni moja ambayo wengi huisahau wanapochagua: utakufa. Utakufa baada ya sekunde kumi, utakufa baada ya dakika moja, na siku ukiwa na mkono mwepesi kuliko kawaida utakufa baada ya dakika tano. Hakuna mstari wa kumalizia wala zimwi la mwisho la kushinda. Kuna kasi inayopanda, na kuna wewe.

Kwa sababu hiyo, anayechagua kwa kutazama uzuri wa picha anachagua kwa kigezo kitakachochakaa mapema. Picha utazizoea siku ya kwanza. Mimi hutanguliza maswali mawili. Nikibonyeza kitufe, mkimbiaji anaruka saa hiyo hiyo au anasitasita? Na nikishakufa, inanichukua muda gani kukimbia tena? Mchezo ukifaulu hapo, mengine yote yanavumilika. Ukifeli hapo, hakuna rangi wala muziki utakaouokoa.

Nitaweka mezani michezo inayochezwa ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Wa kwanza ni dinosauri wa Chrome, aliyeanza mwaka 2014 kama burudani ya mtu aliyekatikiwa na intaneti. Wa pili ni Surf, uliokuja na Microsoft Edge mwaka 2020. Wa tatu ni Canabalt wa Adam Saltsman, uliotoka mwaka 2009, na ambao ndio uliowafanya watu wengi waitambue aina hii ya mchezo. Kisha kuna Slope, wa mpira unaoporomoka kwenye mteremko, na mwishowe Subway Surfers na Temple Run 2, ambayo ilizaliwa kwenye simu na baadaye ikapata matoleo ya kivinjari.

Ukifa, unarudi lini?

Hapa ndipo tofauti zilipo kubwa kabisa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dinosauri akigonga mpungate, kila kitu kinaganda palepale. Ukibonyeza Enter, mbio mpya inaanza papo hapo. Ukibonyeza kitufe kirefu cha nafasi, mchezo husubiri kitambo kidogo kwanza, na kusubiri huko kuna faida yake: kidole kilichokuwa kikirukaruka kwa pupa hakianzishi mbio nyingine kabla hujavuta pumzi. Wachezaji wengi hawaijui tofauti hiyo ya vitufe viwili, na kwa anayefukuzia rekodi ni jambo la maana, kwa sababu unaweza kuchagua mwenyewe kama unataka kurudi kwa haraka au kwa utulivu.

Canabalt nao hurudi haraka, lakini hukupa kwanza sentensi moja inayosema umekimbia mita ngapi na umekufaje: uligonga ukuta, au uliukosa ukingo wa jengo ukatumbukia. Naipenda sana sentensi hiyo. Inakufundisha kosa lako kabla hujalirudia, na haikuombi chochote. Slope uko hivyo hivyo: mpira ukianguka kwenye utupu au ukigonga kizuizi chekundu, unabonyeza na unaporomoka tena.

Sasa weka Subway Surfers pembeni ya hiyo. Mkimbiaji anakamatwa na askari, na badala ya mbio mpya unakutana na swali: unataka kuendelea? Unaweza kulipa kwa funguo ulizookota, au kutazama tangazo. Ukikataa, zinakuja alama, sarafu, zawadi, kazi ulizokamilisha na zilizobaki. Kila kimojawapo ni kidogo, ila vikijumlishwa unaweza kukuta umekaa nje ya mbio muda usiopungua ule uliokimbia. Temple Run 2 una tabia ya ukoo huo huo: sarafu, vito, nguvu za kununua na wahusika wa kufungua.

Sisemi hilo ni baya kwa kila mtu. Yupo mchezaji ambaye furaha yake ni kukusanya. Anataka kurudi kesho akute ubao mpya wa kuteleza au mhusika mpya, na mbio kwake ni njia ya kuvipata. Huyo ukimpa dinosauri, baada ya dakika kumi atauliza, “Halafu?” na atakuwa na haki ya kuuliza, maana dinosauri hana cha kumfungulia. Kwake Subway Surfers ni chaguo sahihi, na si ajabu kwamba mwaka 2018 ulikuwa mchezo wa kwanza kupakuliwa mara bilioni moja kwenye Google Play. Lakini kama unachotaka ni kukimbia kwenyewe, ule muda ambao macho yanatangulia na vidole vinafuata bila kufikiri, vizingiti hivyo vya katikati vitakukatiza kila mara joto linapoanza kupanda.

Surf unapita njia ya tatu. Mtelezaji wako ana mioyo mitatu, kwa hiyo ukigonga jiwe au chelezo hufi mara moja. Unapunguziwa moyo na kuendelea. Anayejifunza atalipenda hilo. Anayetafuta msisimko mkali ataliona limelegea kidogo, mpaka atakapotokea zimwi la baharini lenye mikono kama ya pweza na kumfukuza kwa nyuma. Hapo kulegea kunaisha.

Kidole na mkimbiaji

Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Binadamu wa kawaida huchukua takriban milisekunde 250 kuona kitu na kubonyeza. Mashine ikishindwa kuchora kwa wakati na ikashuka hadi picha 30 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 33, na mbaya zaidi ni pale inapopanda na kushuka bila mpangilio. Kuchelewa kusikobadilika mkono unaweza kukuzoea. Kuchelewa kunakobadilika hauwezi. Unaruka kwa wakati ule ule uliouzoea, na mpungate unakugonga.

Kwa kigezo hiki dinosauri hana mpinzani. Ni mistari ya kijivu kwenye uwanja wa pikseli 600 kwa 150. Hata kompyuta ya zamani iliyochoka inaumudu bila jasho. Canabalt nao ni mwepesi, ingawa una tabaka za majengo na moshi zinazopita nyuma. Surf unahitaji kidogo zaidi. Slope, Subway Surfers na Temple Run 2 ni za pande tatu (3D), na hizi zinaitegemea chipu ya picha. Kwenye mashine nzuri Slope unateleza kama maji. Kwenye mashine dhaifu unaruka picha, na mchezo unaodai marekebisho madogo madogo ya kushoto na kulia unageuka bahati nasibu. Kama kompyuta yako hukwama ukifungua video, usianze na Slope kisha ukajilaumu kwamba huna kipaji.

Kabla ya kuulaumu mchezo wenyewe, angalia mambo machache. Hali ya kuokoa betri inaweza kupunguza idadi ya picha kwa sekunde, kwa hiyo chomeka chaja au izime hali hiyo. Funga vichupo vinavyocheza video. Hakikisha kivinjari kimeruhusiwa kutumia chipu ya picha katika mipangilio yake. Na kama unatumia vipokea sauti vya Bluetooth, usiruke kwa kufuata sauti, kwa sababu sauti hufika ikiwa imechelewa, fuata macho. Jingine linawasumbua wengi kwenye tovuti za michezo: unabonyeza kitufe cha nafasi, na badala ya kuruka, ukurasa mzima unashuka chini. Hiyo ni dalili kwamba kivinjari hakijui kuwa uko ndani ya mchezo. Bofya mara moja juu ya mchezo wenyewe, au uufungue kwa skrini nzima, kabla ya kuanza kukimbia.

Kasi inapandaje?

Michezo hii yote huongeza mwendo, lakini hakuna miwili inayoongeza kwa namna moja, na nadhani hapa ndipo kila mmoja hupata roho yake.

Dinosauri huanza na kasi ambayo katika msimbo wake ni 6, huongezeka kidogo kidogo kila picha, na hukomea 13. Kwa skrini ya picha 60 kwa sekunde, safari hiyo humalizika katika muda wa karibu dakika mbili. Maana yake ni kwamba baada ya hapo mchezo hauongezi kasi tena. Ukiweza kuhimili dakika ya pili, kinachobaki kukushinda ni uchovu wa macho, kupepesa kwa wakati mbaya, na wale mijusi wanaoruka ambao huja kwa kimo tofauti tofauti kasi ikishapanda. Ukifika alama 700 mchana hugeuka usiku, rangi zinapinduka, na wengi hufia hapo hapo kwa mshtuko tu. Kuna mbinu mbili ambazo mchezo haukuambii: ukiachia kitufe mapema, mruko unakuwa mfupi, na ukibonyeza mshale wa chini ukiwa hewani, dinosauri anatua kwa haraka. Hiyo ya pili ndiyo inayowatenganisha wanaoanza na waliobobea, kwa sababu kwa kasi ya juu muda wa kukaa hewani ndio adui mkubwa kuliko mpungate.

Canabalt una werevu ambao sijauona katika michezo mingi iliyoufuata. Mkimbiaji anaongeza kasi mwenyewe, na unabonyeza kitufe kimoja tu, ukikishikilia zaidi ili mruko uwe mrefu zaidi. Juu ya mapaa kuna masanduku na viti. Ukivigonga, unajikwaa na kupunguza mwendo. Mwanzoni utavikwepa vyote ukidhani ni adhabu. Baadaye utagundua kwamba ndivyo breki pekee uliyo nayo, na kwamba kugonga sanduku moja kwa makusudi kunaweza kukupa mita mia nyingine za uhai. Mchezo wa kitufe kimoja unakupa uamuzi wa kweli: niende kasi nivuke pengo pana, au nijikwae nipate muda wa kuona dirisha linalokuja? Jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilipoanza kukusanya michezo ya video mwaka 2012, Canabalt ulikuwemo katika ile 14 ya kwanza, na kwangu mimi wanastahili sifa kwa kuona hilo.

Slope ni habari nyingine kabisa. Huruki. Unakwenda kushoto na kulia, na mpira una uzito wake: ukishauelekeza upande mmoja hauachi kwenda huko kwa sababu tu umeondoa kidole. Anayetoka kwenye Subway Surfers, ambako kila kubonyeza ni kuhama reli moja na kukaa hapo, atabonyeza kwa nguvu na kujitupa nje. Ushauri wangu ni kugusa kwa muda mfupi sana, tena mapema, na kutazama mbali badala ya kuutazama mpira.

Subway Surfers wenyewe ni mchezo wa reli tatu, na ugumu wake ni wa kusoma: treni ipo reli ipi, kizuizi kile unakiruka au unapita chini yake, na sarafu zile zinakuvuta kwenye usalama au kwenye mtego. Una ubao wa kuteleza unaokukinga na ajali moja, unaodumu sekunde 30. Temple Run 2 unaongeza kona za ghafla, na kwa wenye papara hizo kona ni msalaba.

Kibodi, kidole, simu

Michezo iliyotoka kwenye simu ilibuniwa kwa kidole kinachoteleza. Kwenye kibodi, mishale minne inafanya kazi hiyo vizuri kabisa, na mimi naona Subway Surfers unachezeka kwa uhakika zaidi kwa vitufe, kwa kuwa kubonyeza hakukosewi kama kuteleza kidole kwa mshazari. Temple Run 2 ndio unaopoteza kitu. Kwenye simu unainamisha kifaa ili mkimbiaji aegemee upande na kuokota sarafu, na kuinamisha huko ndiko kunakofanya mwili mzima ushiriki. Vitufe haviwezi kurudisha hisia hiyo. Anayeutaka Temple Run kwa dhati acheze kwenye simu.

Kwa upande mwingine, Slope kwenye skrini ya kugusa ni taabu, na sipendekezi. Canabalt na dinosauri havijali. Kugonga skrini ni kugonga. Surf ndio mkarimu kuliko wote: hukubali kibodi, kipanya, kugusa na hata rimoti ya michezo, na katika mipangilio yake unaweza kuwasha mwonekano ulio wazi zaidi au kupunguza kasi. Kama unamtafutia mchezo mtoto mdogo, mzee, au mtu asiyeona vizuri, anza na Surf.

Intaneti na rekodi yako

Dinosauri na Surf vimo ndani ya kivinjari chenyewe. Unaandika chrome://dino au edge://surf mahali pa anwani, na unacheza hata kama intaneti haipo kabisa; bando haliguswi wala hakuna tangazo litakalotokea. Kompyuta za shule au kazini zinaweza kuwa zimezimiwa michezo hii na msimamizi, na hapo hakuna la kufanya. Michezo ya pande tatu inapaswa kupakuliwa kwanza, na inaweza kufika makumi ya megabaiti kabla hujapiga hatua ya kwanza, kisha matangazo yaongezeke juu yake. Anayehesabu bando asiifungue upya kila saa kwenye hali fiche, kwa sababu kila mara atakuwa anaipakua mwanzo.

Hali fiche ina hasara nyingine. Michezo mingi ya tovuti huhifadhi alama zako ndani ya kivinjari hicho hicho, kwenye kifaa hicho hicho. Ukifunga dirisha fiche, rekodi inakwenda nayo. Ukifuta data ya kuvinjari, ni vivyo hivyo. Kivinjari cha Safari cha Apple, tangu mwaka 2020, kinaweza kufuta data iliyohifadhiwa na tovuti ambayo hujaigusa kwa siku saba za kutumia kivinjari. Kwa dinosauri hilo haliumi sana, rekodi ni namba tu. Kwa Subway Surfers ambako umekusanya wahusika kwa wiki nzima, linauma. Kama unakusudia kukusanya kwa muda mrefu, toleo la simu ni salama zaidi kuliko la kivinjari, na hiyo ni sababu ya kutosha kuusakinisha.

Na tahadhari moja kuhusu nakala. Jina Slope, kama lilivyo jina Subway Surfers, limebandikwa kwenye tovuti nyingi zisizo na uhusiano wowote na waliotengeneza. Nyingine zinacheza sawasawa. Nyingine zimejaa vitufe bandia vya “Cheza” vinavyokupeleka kwingine. Mchezo wa kivinjari hauhitaji upakue faili, hauhitaji ruhusa ya kukutumia arifa, wala hauhitaji kiendelezi. Ukiombwa kimojawapo, funga kichupo. Vilevile usidanganywe na ukurasa unaokutaka usakinishe Flash, programu ya zamani ya kuendeshea michezo ya kivinjari, ili kucheza Canabalt au mchezo mwingine wa zamani: Adobe iliacha kuihudumia Flash mwisho wa mwaka 2020, na Canabalt una toleo la kisasa linalofunguka bila kuongeza kitu.

Basi wewe uchukue upi?

Una dakika tatu kati ya kazi na kazi: dinosauri, bila kusita. Kompyuta ni dhaifu: dinosauri au Canabalt. Una mashine nzuri na unataka mapigo ya moyo yapande: Slope, kwa skrini nzima, na taa ya chumba ikiwaka ili macho yasichoke mapema. Unataka kitu cha kurudia kila siku na kuona kinakua: Subway Surfers, lakini kwa akaunti ya simu. Mnapokezana watu wenye uwezo tofauti kwenye kompyuta moja: Surf, kwa sababu mioyo mitatu inampa kila mtu zamu inayodumu.

Na ukiniambia nichague mmoja tu wa kumpa mtu ambaye hajawahi kucheza aina hii, nitampa Canabalt. Kitufe kimoja, hakuna maelezo, na ndani ya dakika ya kwanza ataona mwenyewe kwa nini kasi inaogopesha na kwa nini anaitaka tena. Mwambie jambo moja tu kabla hajaanza: asiogope kugonga masanduku.